Laini kama hariri, kwa anayevaa

Waingereza wana usemi ninaousikia dukani karibu kila siku: kitu fulani ni laini kama hariri. Gari likibadili gia bila kushtuka, ni hariri. Sauti ya mtangazaji wa redio usiku wa manane, hariri. Kinywaji kikishuka kooni bila kuwasha, hariri. Shughuli ya harusi ikienda kama ilivyopangwa, wageni wakala, wakacheza, wakaondoka bila ugomvi, hiyo nayo ni hariri. Mtu mwenye ulimi wa kubembeleza husemwa hivyo hivyo, ingawa hapo msemaji huwa ameshaanza kumtilia shaka. Shirika la ndege la Thailand limejitangaza kwa usemi huohuo miaka na miaka, na kila abiria anaelewa ameahidiwa nini.

Mimi ni fundi cherehani. Nilijifunzia Mombasa, sasa nashona London mashariki, na kazi yangu kubwa ni kupunguza, kurefusha na kurekebisha nguo za watu. Maana ya usemi huu haina utata: bila mkwaruzo, bila kukwama, bila taabu. Lakini aliyewahi kuiweka hariri halisi chini ya sindano anajua kwamba katika vitambaa vyote hicho ndicho chenye taabu. Ulaini ni wa anayevaa. Anayeshona, anayefuma, anayesokota uzi na anayechemsha vifukofuko hukutana na kitu kingine kabisa, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza, pamoja na njia iliyowafikisha Waingereza mpaka wakaifanya hariri kuwa mfano wa mambo yanayokwenda yenyewe.

Tuanzie mezani. Ukitandaza hariri nyepesi juu ya meza ya kukatia, haikai. Unaweka sawa pindo la upande huu, unageuka kuchukua mkasi, upande wa pili umeshahama upana wa kidole. Pini huacha tundu lisilozibika, kwa hiyo unaichoma kwenye ile sehemu ya pembeni tu itakayofichwa na mshono. Sindano lazima iwe nyembamba, nambari 9, na iwe mpya, kwa sababu ncha iliyochoka kidogo tu hunasa uzi mmoja na kuuvuta, na ule uzi mmoja huchora mstari unaoonekana kuanzia begani hadi kiunoni. Mimi huweka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, nashona vyote viwili kwa pamoja, halafu naichana karatasi taratibu, kipande kwa kipande. Tone la maji likidondoka kutoka kwenye pasi huacha alama. Ukifumua ulipokosea, matundu ya mshono wa kwanza yanabaki yakikutazama. Mzee aliyenifunza kazi kule Mji wa Kale, akiona nimekaza mikono, alikuwa akiniambia, "Hii si marikani, mwanangu. Usiivute, ifuate."

Ulaini wenyewe unatoka wapi? Kiwavi wa nondo wa hariri, anayelishwa majani ya mforosadi, hutoa mdomoni nyuzi mbili kwa wakati mmoja zilizofunikwa kwa gundi, akajizungushia kifukofuko kwa muda wa siku kama 3 bila kuukata uzi. Uzi wa kifukofuko kimoja ukikunjuliwa unafika mamia ya mita, mara nyingine unapita kilomita. Hapo ndipo penye siri. Unyuzi wa pamba ni wa sentimita chache tu, kwa hiyo uzi wa pamba ni vipande vingi vilivyosokotwa pamoja, na ncha zake ndogo zimechomoza kila mahali. Sufu ya kondoo ina magamba madogo yanayoshikana. Hariri haina magamba, na ncha zake ziko mbalimbali mno kiasi kwamba kidole hakizikuti. Isitoshe, unyuzi wake ukiukata na kuutazama kwa hadubini una umbo la pembetatu yenye kona za mviringo, na ndiyo sababu mwanga unaurukia na kung'aa vile.

Lakini ile gundi. Karibu robo ya uzito wa uzi unaotoka kwenye kifukofuko ni gundi, na hariri ambayo gundi yake haijatolewa ni ngumu, haing'ai, inakwaruza. Nimeishika. Mtu asiyeambiwa ataapa kwamba ni kitambaa cha gunia kilichofumwa vizuri. Ili iwe ile hariri ya kwenye usemi, vifukofuko huwekwa kwanza kwenye joto ili mdudu aliye ndani afe kabla hajatoboa, kisha vinalowekwa katika maji ya moto ili mkunjuaji apate kuushika mwanzo wa uzi kwa vidole, anaunganisha nyuzi za vifukofuko kadhaa kuwa uzi mmoja, uzi unasokotwa, na baadaye unachemshwa katika maji ya sabuni mpaka gundi yote itoke. Kwa hiyo ulaini wa hariri umetengenezwa. Kiwavi ametoa nusu ya kazi tu, na nusu nyingine ni ya vidole vilivyoiva kwa maji ya moto.

Waingereza waliifahamu hariri mapema sana, ila kwa mbali. Mtawa Bede, aliyeandika kaskazini mwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8, anasimulia kwamba abati Benedict Biscop alirudi kutoka Roma na majoho 2 ya hariri yenye ufundi usio na mfano. Alimpa Mfalme Aldfrith majoho hayo, naye akapewa ardhi ya kutosha kaya 3 karibu na mlango wa mto Wear. Majoho mawili kwa mashamba ya familia tatu! Katika kanisa kuu la Durham hadi leo vimehifadhiwa vipande vya hariri vilivyotolewa kwenye jeneza la Mtakatifu Cuthbert lilipofunguliwa mwaka 1827. Hariri ilikuwa nguo ya madhabahu, ya wafalme na ya wafu watakatifu. Mkulima aliyeishi hatua chache kutoka kanisani angeweza kufa akiwa mzee bila kuigusa.

Kwa hiyo alipotaka kusema kitu ni laini, alikifananisha na alichokijua kwa mikono yake. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anapomchora yule muuza misamaha ya dhambi katika hadithi zake za mahujaji, anasema nywele zake zilikuwa za njano kama nta na zilining'inia laini kama fungu la kitani. Kitani! Mmea uliolimwa na kuchambuliwa vijijini, mikononi mwa wanawake waliosokota nyuzi kila jioni. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo iliwazoeza siagi na mafuta. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wataikumbuka Zaburi ya 55: "Kinywa chake ni laini kuliko siagi, bali moyo wake ni vita." Shakespeare, katika tamthilia ya kwanza ya Mfalme Henry wa Nne, anamfanya mfalme alalamike kwamba amekuwa laini kama mafuta na mwororo kama manyoya machanga ya ndege, ndiyo maana watu wamemvunjia heshima. Othello, akiwa amesimama juu ya mke wake aliyelala, anaifananisha ngozi yake na alabasta ya sanamu za makaburini. Mafuta, siagi, manyoya, jiwe lililosuguliwa. Lugha ilikuwa na mifano ya kutosha ya ulaini bila hariri.

Na hariri Shakespeare anaitumia, tena vizuri, lakini angalieni anaitumia kwa nani. Katika tamthilia ya Richard wa Tatu, Richard, mwenyewe mwongo wa kupindukia, analalamika kwamba ukweli wake unachafuliwa na watu wa hariri, wajanja, wenye kujipenyeza. Katika nyingine, bwana mmoja wa makasri aitwaye Berowne anaapa kuachana na maneno ya hariri na ya tafeta, na kwamba kuanzia siku hiyo atasema ndiyo na hapana za kitambaa kinene cha sufu. Hapo hariri ni usemi wa mabwana, lugha ya kurembesha, na ina harufu ya uongo. Naamini maana ile ya mtu mwenye ulimi laini, ambayo Waingereza wanayo mpaka sasa, imebeba kumbukumbu hiyo.

Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu sheria yenyewe iliigawa nchi kwa vitambaa. Enzi ya Malkia Mary, katika miaka ya 1550, ilipitishwa sheria kwamba mtu ambaye si wa daraja la juu, na ambaye kipato chake hakifiki pauni 20 kwa mwaka, asivae hariri kwenye kofia, mshipi, soksi, viatu wala ala ya upanga wake. Adhabu ilikuwa kifungo cha miezi 3 na faini ya pauni 10 kwa kila siku aliyovaa. Mdogo wake Mary, Elizabeth, inasimuliwa kwamba alitunukiwa soksi nyeusi za hariri na mwanamke aliyemtengenezea nguo, akazipenda hata akasema hatarudi tena kwenye soksi za kitambaa. Malkia alikuwa na uhuru huo. Sheria hizo za mavazi zilifutwa mwaka 1604, na hapo tu ndipo mtu wa kawaida mwenye akiba yake angeweza kununua utepe wa hariri bila kumwogopa askari. Naona usemi wetu ulihitaji mlango huo ufunguke. Mfano haushiki mdomoni mwa watu wote ikiwa wengi wao wamekatazwa kukigusa kitu chenyewe.

Baada ya hapo Waingereza walitaka kuitengeneza wao. Mfalme James wa Kwanza alihimiza nchi nzima kupanda miforosadi, na mwaka 1609 akaweka bustani yake mwenyewe karibu na mahali lilipo leo kasri la Buckingham. Mpango haukufaulu. Hali ya hewa haikuwa rafiki, na miti mingi iliyopandwa ilikuwa mforosadi mweusi, wenye matunda matamu kwa watu, lakini kiwavi wa hariri hustawi kwenye mweupe. Hivyo uzi ukabaki kununuliwa nje, Italia, Uajemi, Bengali na China, na kazi ya Waingereza ikawa kuusokota na kuufuma.

Hapa ndipo historia hii inapofika mtaani kwangu. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti, na makumi ya maelfu yao, waitwao Wahuguenoti, wakakimbilia Uingereza. Wafumi wa hariri wengi walikaa Spitalfields, nje kidogo ya ukuta wa mji wa London wa wakati huo. Nyumba zao bado zipo. Ukipita barabara ya Fournier ukainua macho, utaona madirisha mapana kwenye ghorofa za juu kabisa, mapana kupita ya chini, yaliyowekwa ili mwanga wa mchana uangukie kitanda cha mfumi, yaani mtambo wake wa kufumia. Nje ya baadhi ya milango zinaning'inia bobini kubwa za mbao, ukumbusho uliowekwa mwaka 1985. Mwishoni mwa barabara hiyo, pembeni mwa Brick Lane, kuna msikiti ninaosali Ijumaa. Jengo hilo walilijenga Wahuguenoti mwaka 1743 liwe kanisa lao. Baadaye lilikuwa la Wamethodisti, kisha sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya mashariki, na tangu 1976 ni msikiti, kwa juhudi za Wabengali waliohamia mtaa huu. Kila kundi lililosali humo lilikuwa na mafundi wa nguo. Mimi nakaa kwenye mkeka nikijua hivyo, na inanipa faraja ambayo sitaificha.

Katika mtaa huo aliishi Anna Maria Garthwaite, mwanamke wa Kiingereza aliyechora michoro ya hariri kwa ajili ya wafumi, maua ya waridi na majani yanayopinda kana kwamba upepo unayapita. Michoro yake ya rangi iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na ukiitazama kwa karibu unaona maelekezo kwa mfumi: rangi gani iende wapi. Hariri moja ya maua kama hayo ilihitaji majuma ya kuandaa kitanda kabla ya mfumi kurusha uzi wa kwanza, na mfumi hodari alisonga mbele kwa urefu mdogo tu kwa siku.

Upande wa kusokota, kazi iliingia kiwandani mapema kuliko karibu kazi nyingine yoyote Uingereza. Ndugu wawili, John na Thomas Lombe, walijenga kinu cha kusokota hariri pale Derby, juu ya mto Derwent, kikakamilika kama mwaka 1721. Siri ya mitambo John aliifuata Italia. Mwaka 1732 Bunge lilimkatalia Thomas kuongezewa muda wa hakimiliki, likampa pauni 14,000 badala yake. Ni fedha nyingi mno kwa wakati huo, na vitabu vingi hupenda kuishia hapo.

Mimi sipendi kuishia hapo, kwa sababu tuna maneno ya mtoto aliyefanya kazi ndani. William Hutton aliingizwa kwenye kinu hicho mwaka 1730 akiwa na umri wa miaka 7. Alikuwa mfupi, mikono haikufika kwenye mtambo. Wakamtengenezea viatu virefu vya mbao, kama mitalawanda, wakavifunga miguuni mwake, naye akavikokota mchana kutwa kufuata nyuzi zilizokatika ili aziunge, hadi alipokua na kuacha kuvihitaji. Miaka saba aliamka saa 11 alfajiri. Alipigwa kwa fimbo, na akiwa mtu mzima, mwandishi na muuza vitabu anayeheshimika Birmingham, aliandika kwamba kazi yenyewe aliivumilia, ila ukali ule hakuweza kuuvumilia, na alama zake alikuwa nazo bado mwilini. Kila ninapomsikia mtu akisema jambo limekwenda laini kama hariri namfikiria mtoto huyu. Uzi ukikatika na usiungwe vizuri, fundo linabaki kwenye kitambaa na kidole cha bibi harusi kinalihisi. Ulaini wa kitambaa kile ulikuwa kazi yake.

Spitalfields nako hakukuwa na raha ya kudumu. Miaka ya 1760 bei ya kazi ilishuka, hariri ya kutoka nje ilizidi, na wafumi wakaanza kujikusanya usiku, kuingia kwenye vyumba vya waliokubali ujira mdogo na kukata hariri iliyokuwa kwenye vitanda. Serikali ilishalifanya kosa hilo kuwa la kunyongwa. Tarehe 6 Desemba 1769 wafumi wawili, John Doyle na John Valline, walinyongwa Bethnal Green mbele ya majirani zao, kwa makusudi kabisa, mtaani walikoishi na si mahali pa kawaida pa kunyongea. Jina Valline linaonesha ni mzao wa wale wakimbizi. Miaka 4 baadaye, mwaka 1773, Bunge lilipitisha sheria ya kupanga ujira wa wafumi, ikadumu hadi 1824. Mkataba wa biashara na Ufaransa wa 1860 uliondoa ushuru kwenye hariri ya Wafaransa, na kazi hiyo Uingereza ikaporomoka. Macclesfield imebaki na kumbukumbu zaidi ya miji mingine, na timu yake ya mpira bado inaitwa watu wa hariri.

Leo wengi wanaotumia usemi huu hawajaigusa hariri. Tangu Mei 1940, soksi za nailoni zilipoanza kuuzwa Marekani kote, na baadaye polyester ilipojaza maduka, mng'ao ule umekuwa wa kila mtu kwa bei ndogo, na silaumu. Ila wateja huniletea nguo isiyo na lebo wakiuliza ni hariri au sateni ya kawaida. Natoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani, naziweka kwenye kisahani, nawasha kiberiti. Polyester hurudi nyuma kutoka kwenye moto, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hariri huungua polepole, moto ukiondolewa huzimika yenyewe, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Ni protini, kama nywele zenu. Nimeona nyuso zikifurahi na nyingine zikianguka mbele ya kisahani hicho.

Pwani yetu nayo haikuwa mgeni wa kazi hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alivikwa mavazi ya heshima, ya kiunoni yakiwa ya hariri. Maandishi ya Wareno wa karne ya 16 na 17 yanazitaja nguo za hariri zilizofumwa Pate na kuuzwa kwenye miji mingine ya pwani. Na Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza wafumi wa Sofala waliochukua nguo za rangi kutoka Cambay, bandari ya India, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Natamani mtu wa Lamu au Pate mwenye masimulizi ya wafumi katika ukoo wake ayaandike, kwa sababu ya Spitalfields yameandikwa na kuhifadhiwa, na ya kwetu yanatajwa kwa mistari miwili mitatu na wageni waliokuwa wakipita.

Wateja huniuliza kwa nini pindo la gauni la hariri ni bei mara mbili ya pindo la pamba, na upana ni uleule. Huwa nawaonesha sindano nambari 9, karatasi za kuchana, na ile ncha ya kitambaa inayohama yenyewe mezani tukiitazama. Wengi hulipa bila neno. Wiki hii nina gauni la mama mmoja, hariri ya rangi ya zabibu, la kupunguza kiunoni na kukata upya pindo, na limeshashonwa mara moja na mtu aliyekuwa na haraka. Nimelitengea asubuhi nzima ya Alhamisi.